Bi Tumbuu Ahamia Chumba cha Teddy

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, Mwalimu Sixbert alikoroga gundi kwenye sufuria ambayo mkewe alikwisha kata tamaa ya kuirudisha jikoni. Unga wa muhogo vikombe viwili, maji, na kipande cha mrututu cha ukubwa wa punje ya hindi, ili mende wasiigeuze gundi kuwa daku. Alistaafu ualimu miaka sita iliyopita, na tangu siku aliyokabidhi chaki hakuwa na kazi nyingine ila hiyo: kukusanya magazeti ya zamani ya katuni, kuyapanga kwa tarehe, kuyashona kwa shazia na uzi wa nyavu aliouagiza kwa wavuvi wa Mlingotini, kisha kuyajalidi kwa karatasi ngumu na kitambaa. Majalada aliyapanga kwenye rafu katika chumba cha binti yao Teddy, aliyeolewa Dodoma, na ambaye kila akija likizo alilazwa sebuleni kama mgeni wa msiba.

"Wenzako wakistaafu wanafuga kuku," mkewe Gertruda alimwambia. "Wewe umefuga karatasi."

"Kuku wanakufa kwa mdondo, Mama Teddy."

"Na karatasi?"

"Karatasi zina mrututu."

Fahari ya maktaba ile ilikuwa gazeti la Kokwa, lililotoka kila mwezi tangu mwaka themanini na nane mpaka lilipokufa miaka tisa baadaye. Matoleo yake yote yalikuwa mia moja na nane. Sixbert alikuwa nayo mia moja na matano, na yale matatu yaliyosalia aliamini yalikwisha fungiwa karanga. Ukurasa wa mwisho wa kila toleo ulikuwa wa Bi Tumbuu, mwanamke wa kiuno kipana na kilemba kilichofunguka kila alipokasirika, pamoja na mbuzi wake aliyeitwa Mwenyekiti. Mbuzi huyo alikuwa na tabia moja tu: kula karatasi yoyote yenye muhuri. Alikula hati za kodi, alikula wito wa mahakama, na katika toleo la arobaini alipanda jukwaani akala hotuba ya mgeni rasmi kabla mgeni hajafika ukurasa wa pili. Nchi nzima ilicheka, hata wenye mihuri. Chini ya kisanduku cha mwisho paliandikwa kila mara: Imechorwa na Mwinyimvua. Huyo ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti, naye sasa ni marehemu.

Mihogo ya gundi Sixbert aliinunua kwa Batuli wa Fukayosi, mama wa miaka hamsini na kitu, aliyekuja nayo kwenye kiroba kila Jumamosi kwa bodaboda. Batuli ni Mkwere na Sixbert ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni watani tangu enzi za mababu zao, na utani una sheria zake. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unamjibu aote moto. Akikutukana unacheka, ukimtukana anacheka, na anayekasirika ndiye mpumbavu wa kijiji kizima. Ukifiwa, mtani wako anaweza kujilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa watampa.

Jumamosi ya kwanza kabisa, Batuli aliangalia jalada lililokuwa limeanikwa mezani akasema, "Huyo Bi Tumbuu unayempaka uji, mtani, mimi ndiye niliyemchora."

"Na mimi ndiye niliyechimba bahari," Sixbert alimjibu. "Udongo nikaupeleka Tabora, ukawa vilima."

Walicheka mpaka dereva wa bodaboda akacheka naye. Toka hapo Batuli alilirudia neno lile karibu kila wiki, na kila wiki Sixbert aliongeza kitu kwenye bahari yake: mara aliitia chumvi, mara aliwafundisha pweza kutembea. Miaka sita ikaenda hivyo, na hakuna aliyechoka.

Mwaka huu, Abdulazizi, mtoto wa marehemu Mwinyimvua, mwenye ofisi ya uchapaji Dar es Salaam, alianza kuchapa upya vituko vyote vya Bi Tumbuu. Mkusanyo Kamili, Juzuu ya Kwanza. Karatasi ya kung'aa, rangi tele, na jina la baba yake limezungushiwa duara la dhahabu mfano wa muhuri. Sixbert aliagiza nakala siku ileile, kwa ajili ya yale matoleo matatu ya karanga. Ililetwa na basi, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua kidonda, akaisoma yote kwa mkao mmoja, kisha akaipanga rafuni ubavuni mwa jalada lake la kwanza la zamani.

Siku ya tatu aliichukua tena. Mabanda yalikuwapo, minazi ilikuwapo, bomba la maji na ndoo zake lilikuwapo. Watu hawakuwapo. Viputo vya maneno vilining'inia vitupu juu ya viti vitupu, na mlango wa nyumba ya Bi Tumbuu ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jina la Mwinyimvua kwenye gamba la kitabu lilikuwa limetafunwa pamoja na duara lake, na pale lilipokuwa pana unyevu kidogo.

Sixbert alifungua jalada lake la zamani. Kwenye kisanduku cha kwanza Bi Tumbuu wawili walikuwa wanateka maji kwenye bomba moja, mmoja wa rangi na mmoja wa wino mweusi, na mbuzi wawili walikuwa wanagombea stakabadhi. Aliwatazama kwa muda, akachukua daftari la maktaba akaandika: Juzuu ya Kwanza, wahusika wamehama. Kisha akaenda kula chakula cha mchana.

Zikaja Juzuu ya Pili na ya Tatu, ikawa hivyohivyo. Baadaye hata nakala ambazo hazikuwa zake zikaanza kumwagika. Aliyenunua Morogoro alikuta vibanda vitupu; aliyenunua Tanga alikuta ndoo. Wote walikuwa wanahamia Bagamoyo, chumba cha Teddy, jalada la kwanza. Katika mwezi mmoja jalada lile lilinenepa mpaka uzi wa nyavu ukakatika mara mbili, na Sixbert akalazimika kutumia uzi wa kuvulia papa. Kisanduku kimoja kilikuwa na Bi Tumbuu arobaini wamepanga foleni kwenye ndoo moja, na vichekesho havikusomeka tena, maana kila mtu alisimama mbele ya mwenzake. Harufu ya beberu ilifika mpaka ukumbini.

"Baba Teddy," Gertruda alisema akiwa ameshika ufagio, "sikatai wageni. Lakini leo nimezoa samadi debe zima chini ya ile rafu."

"Tuiweke kwenye mchicha."

"Nimekwisha iweka. Na mchicha umejaa. Nauliza wataondoka lini."

Kwa kweli Sixbert alikuwa na majonzi. Alitaka kuwa na Bi Tumbuu mkamilifu, toleo la kwanza mpaka la mia na nane, aweze kumsoma jioni akiwa amenyoosha miguu. Sasa alikuwa naye mara elfu kadhaa na hakuweza kumsoma hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata jalada lilikuwa wazi mezani, linakaushwa mgongo, na Sixbert alikuwa anakoroga gundi kwenye jiko la mkaa pembeni, ndipo Batuli alipobisha hodi. Sixbert akaona jambo ambalo alijilaumu kutoliona mapema. Bi Tumbuu wote, kwa pamoja, walimpa yeye kisogo wakaelekea mlangoni. Walifunga vilemba vyao upya. Mbuzi walisimama kwa miguu ya nyuma ili waone vizuri. Na kwenye kiputo ambacho kwa miaka thelathini kiliandikwa "Mwenyekiti, tema hiyo!" sasa paliandikwa: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu," Batuli alisema, akaweka kiroba chini. Kisha akamwambia Sixbert, "Mtani, leo mihogo ina nyuzi, usije ukasema sikukwambia."

Sixbert aliacha kukoroga. Gundi ikashika chini, ikaanza kuungua.

"Batuli. Kumbe ni kweli?"

"Kipi?"

"Kwamba uliwachora wewe."

"Nimekwambia Jumamosi ngapi?"

"Nilidhani utani."

"Utani ulikuwa bei ya mihogo," Batuli alisema. "Hilo la kuchora lilikuwa kweli."

Alimsimulia akiwa amesimama, kama anavyosimulia mtu aliyekwisha zoea kutoaminiwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mfagizi wa ofisi ya Kokwa. Alichora nyuma ya karatasi zilizotupwa, kwa kalamu ya risasi aliyoiokota. Mwinyimvua aliziona, akacheka, akazichapa. Mwezi wa pili akamwomba nyingine. Jina aliweka lake kwa kuwa, alivyosema, wasomaji wasingeielewa katuni ya mfagizi. Sikukuu alimpa kanga. Gazeti lilipokufa Batuli akarudi Fukayosi kulima.

Sixbert aliona aibu, na aibu yenyewe ilimkaa hasa. Kwa miaka sita alinunua mihogo ya mwanamke huyu, akaisaga, akaipika, akagandishia jina la mtu mwingine juu ya kazi yake, huku anamcheka usoni.

"Unataka nini, mtani? Nikuandikie barua? Udai fedha zako?"

"Fedha zimekwisha oza, ziache. Nataka jina langu lisomeke kwenye gamba la kitabu, ningali hai. Batuli, basi. Mjukuu wangu Naila yuko darasa la nne, nikimwambia anacheka kama wewe."

Barua haikuhitajika, kwani Abdulazizi alikuwa njiani. Wateja walikuwa wanamrudishia vitabu vitupu kwa maboksi, na alikuwa ameulizia mji hadi mji mpaka akaambiwa kuna nyumba Bagamoyo inayonuka mbuzi ilhali haina mbuzi. Alifika wiki ile na gari yake nyeupe, pamoja na afisa utamaduni aitwaye Linda, aliyepewa lifti na chakula cha mchana na Abdulazizi. Batuli aliitwa. Abdulazizi alikuwa kijana wa adabu. Aliwaamkia wote shikamoo, akakubali chai, akapenda maandazi ya Gertruda na kulisema hilo.

"Wahusika wa marehemu baba yangu wako hapa kwako, Mwalimu," alisema. "Sikulaumu. Naomba tu uwaambie warudi."

"Hawakuchorwa na baba yako," Sixbert alisema. "Wamechorwa na huyu mama. Ukiandika jina lake watarudi wenyewe. Mimi ni shahidi. Nimewaona wakimwamkia."

Linda alitoa kalamu na karatasi. "Sawa. Tuandike maelezo. Jina, Sixbert. Kabila lako, Mwalimu?"

"Mnyamwezi."

"Na mama?"

"Mkwere," Batuli alijibu.

Linda alifunga kalamu. Yeye mwenyewe alikuwa Msukuma wa Magu, na kwa Wakwere Msukuma na Mnyamwezi ni mtani mmoja. Alianza kucheka polepole, kisha akacheka kwa nguvu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Jamani, mmenipata! Mkwere amechora, Mnyamwezi ni shahidi! Mnajua mmenitoa ofisini kwangu?"

Abdulazizi naye akacheka, kwa adabu. Sixbert alisema hapana, safari hii si utani, na kadiri alivyosema hivyo ndivyo Linda alivyozidi kushika mbavu, kwa sababu hivyo ndivyo mtani hodari anavyosema. Sixbert alimgeukia Batuli. Batuli alikuwa anacheka pia. Angefanya nini? Sheria ni sheria, na anayekasirika ndiye mpumbavu. Lakini mkono wake ulikuwa umekamata pindo la kanga, unalisokota mpaka likawa kamba, na Sixbert hakuwa amepata kuona mtu anayecheka hivyo.

Hata hivyo Linda alikuwa mtu wa kazi, na aliyetumwa hurudi na karatasi. Aliandika maelezo yote jinsi Sixbert alivyoyatoa, ukurasa mzima, akamsainisha, akatoa muhuri kwenye mkoba akaugonga. Akasema kichekesho au si kichekesho, atakiweka kwenye faili, na faili likiwepo mwenye hoja atasikilizwa. Gertruda alisema amina.

"Ila ingefaa pawe na uthibitisho," Linda aliongeza. "Mama, chora."

Batuli alichukua kalamu ya risasi na kipande cha karatasi ya kujalidia. Alichora Mwenyekiti kwa mistari kumi na mmoja, bila kuinua mkono ila mara mbili, pembe moja imepinda kidogo kama ilivyopinda siku zote.

"Anaweza kunakili," Abdulazizi alisema kwa upole. "Vitabu viko kila mahali. Hata mpwa wangu anamchora hivyo."

Yule mbuzi wa mistari kumi na mmoja alifumbua macho. Alijikung'uta, akashuka kutoka kwenye karatasi yake, akakanyaga sahani ya maandazi bila kuyaonja, akafika kwenye maelezo ya Sixbert. Aliunusa muhuri. Gertruda alimfukuza kwa ufagio, lakini Mwenyekiti hajapata kuiacha karatasi yenye muhuri tangu toleo la tatu. Aliila yote, akaanza na saini, akamaliza na tarehe, kisha akatembea mpaka chumba cha Teddy kujiunga na wenzake.

"Ndiye huyohuyo," Linda alisema kwa kuridhika. "Sasa hakuna faili."

"Utaandika tena?" Sixbert aliuliza.

"Karatasi ya ofisi niliyokuja nayo ilikuwa moja, Mwalimu."

Abdulazizi aliaga vizuri. Mlangoni alisimama, akawa anapekua kimojawapo cha vile vitabu vyake vitupu: banda, mnazi, ndoo, kiputo kisicho na neno. Alipekua ukurasa wa pili na wa tatu, akatabasamu, akakitia kwapani.

Baada ya miezi miwili vitabu vilitoka upya. Chora Mwenyewe: Bi Tumbuu na Mwenyekiti, Kazi ya Ubunifu ya Marehemu Mwinyimvua. Ndani, visanduku vitupu kurasa sitini na nne, wanafunzi wajaze. Gamba, lenye picha ya Bi Tumbuu, lilifunikwa nailoni nzito asiweze kutoka, na mbuzi walipoijaribu waliitema. Shule zilivipenda mno. Vilinunuliwa mpaka Fukayosi.

Ndivyo Naila alivyokuja nyumbani Ijumaa moja na kazi ya kuchora. Alijaribu kichwa cha Bi Tumbuu kikatoka kama nanasi, akaanza kulia. Batuli akaosha mikono, akakaa mkekani, akamjazia ukurasa mzima: kilemba, kiuno, hasira, mbuzi, na wito wa mahakama uliobaki robo. Jumatatu mwalimu alisahihisha kwa kalamu nyekundu. Alama nne kwa kumi. Pembeni aliandika, Hafanani na wa kwenye gamba, ongeza bidii, akagonga na muhuri wa shule.

Jumamosi Batuli alileta ukurasa ule pamoja na mihogo. Safari hii Sixbert hakusema neno juu ya bahari. Alipika gundi mpya, akachukua shazia, akaushona ukurasa ule peke yake ndani ya jalada jipya la kitambaa chekundu alichokuwa anakitunza kwa ajili ya toleo la mia na nane. Kwenye mgongo aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa: BATULI. Akaliweka mwanzo wa rafu.

"Nakala moja," Batuli alisema, akiliangalia kwa kichwa kilichoinama upande. "Ya kwako peke yako."

"Moja, mtani."

"Basi nimiminie kahawa."

Asubuhi ya tatu Sixbert alilifungua. Bi Tumbuu alikuwamo, hakuhama, na wengine elfu kadhaa walikuwa wamekuja kumsalimia, wamekaa mikekani kwa utaratibu kama watu wa hitima, wakiacha jalada la kwanza likiwa jepesi na lenye kusomeka. Kwenye pembe ya ukurasa palikuwa na tundu la meno lenye unyevu kidogo. Muhuri wa shule ulikuwa umeliwa, na ile nne kwa kumi imeliwa nao, pamoja na maneno yote ya wino mwekundu.

Alimpigia Batuli simu kumpa habari. Batuli alicheka, safari hii kwa tumbo zima, mpaka Gertruda aliyekuwa anapita na samadi akamsikia.

"Mwambie Mwenyekiti amekula vizuri," alisema. "Lakini alama Naila amekwisha andikiwa kwenye daftari la mwalimu, mtani. Na lile halina muhuri."